Nguo na maji: fulana moja imegharimu nini kabla ya kufika mnadani

Kwa kifupi

- Nguo hutumia maji mengi na huchafua maji mengi: shambani, kiwandani, kwenye beseni la kufulia na jalalani.
- Pamba ya Kanda ya Ziwa hulimwa kwa mvua. Tatizo lake kubwa upande wa maji ni dawa za wadudu.
- Viwanda vya kutia nguo rangi vinaweza kuharibu mto na mashamba ya watu walio chini ya mto. Hilo lilitokea India, na linazuilika.
- Zaidi ya nusu ya nyuzi zinazotengenezwa duniani leo ni poliesta, ambayo ni aina ya plastiki.

Msikilizaji, fulana ya mtumba unaweza kuipata mnadani kwa bei ya soda mbili au tatu. Bei hiyo inalipa usafiri, ushuru na faida ya muuzaji. Haimlipi mvuvi aliyepoteza ziwa lake, wala mkulima ambaye kisima chake kimeingia chumvi ya kiwandani. Hao nao wamegharamia fulana ile, ingawa hawakuulizwa.

Makala haya yanafuata safari ya nguo kuanzia shambani hadi jalalani, na kila tutakaposimama tutaangalia maji. Wengi wetu huku tunalima pamba, tunavaa mitumba na tunakunywa maji ya lambo au ya ziwa. Kwa hiyo habari hii inatugusa kwa pande zote mbili: sisi ni wazalishaji wa malighafi, na ni wavaaji wa mwisho.

Fulana hupitia wapi?

Mkulima huvuna pamba mbegu na kuiuza kwenye chama cha msingi. Kiwanda cha kuchambua hutenganisha mbegu na nyuzi. Mbegu huenda kukamuliwa mafuta, na mashudu yake hulishwa mifugo. Nyuzi hufungwa marobota na kusafirishwa. Sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nje ikiwa katika hali hiyo, kabla haijawa uzi wala kitambaa.

Huko inakokwenda, hasa Asia, nyuzi husokotwa kuwa uzi, uzi hufumwa kuwa kitambaa, kitambaa hupaushwa na kutiwa rangi, kisha hukatwa na kushonwa. Nguo huuzwa Ulaya au Marekani, huvaliwa kwa muda, hutolewa, hufungwa tena marobota, na baadhi hurudi Afrika kama mitumba. Inawezekana kabisa fulana uliyovaa leo ina nyuzi zilizotoka kwenye shamba la jirani yako.

Pamba inakunywa maji kiasi gani?

Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba fulana moja ya pamba huhitaji takribani lita 2,700 za maji, ukihesabu yale yanayotumika kukuza pamba na kutengeneza kitambaa. Hayo ni madumu 135 ya lita 20. Familia inayotumia madumu matano kwa siku ingekaa nayo karibu mwezi mzima.

Lakini namba hiyo inahitaji maelezo. Maji hayo si ya aina moja. Mvua inayonyesha juu ya shamba la pamba ingenyesha hata kama pale pangekuwa na majani matupu. Maji yanayochotwa mtoni kwa mfereji ni jambo jingine, kwa sababu yakienda shambani hayafiki kwa mvuvi na mfugaji walio mbele. Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: maji hayo yametoka wapi, na nani ameyakosa?

Ziwa lililokaribia kuisha kwa sababu ya pamba

Mfano mkubwa kuliko yote uko Asia ya Kati, kwenye mpaka wa Kazakhstan na Uzbekistan. Panaitwa Bahari ya Aral, ingawa kwa kweli lilikuwa ziwa. Mwaka 1960 ziwa hilo lilikuwa na ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,000. Ziwa Victoria ni takribani 68,800. Yaani yalikuwa karibu sawa.

Ziwa hilo lilitegemea mito miwili, Amu Darya na Syr Darya. Wakati huo nchi hizo zilikuwa ndani ya Umoja wa Kisovieti, na serikali iliamua kulima pamba kwa wingi kwenye nchi kavu ya jangwa. Mifereji ilichimbwa ili kupeleka maji ya mito mashambani. Mingi haikusakafiwa, hivyo maji mengi yalipotelea mchangani. Pamba ilistawi, lakini ziwa likaanza kurudi nyuma.

Kufikia mwaka 2007 ziwa lilikuwa limebaki karibu sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake wa zamani. Mwaka 2014 upande wake wa mashariki ulikauka kabisa. Mji wa Moynaq, uliokuwa bandari ya wavuvi, sasa uko zaidi ya kilomita 100 kutoka majini, na meli za zamani zimelala juu ya mchanga. Maji yaliyobaki yalizidi kuwa ya chumvi, samaki wakafa, na viwanda vya kusindika samaki vikafungwa. Upepo ukaanza kupeperusha vumbi la chumvi, pamoja na mabaki ya dawa za pamba, hadi kwenye makazi ya watu.

Mwaka 2005 Kazakhstan ilimaliza kujenga bwawa la Kokaral ili kuhifadhi sehemu ndogo ya kaskazini. Maji yakapanda na samaki wakarudi upande huo. Sehemu kubwa ya kusini haikurudi.

Je, pamba yetu inakausha maji?

Kwa hali ya sasa, hapana. Pamba ya Simiyu, Shinyanga, Mwanza, Geita, Mara na Tabora hulimwa kwa mvua. Mkulima hupanda mvua za Novemba na Desemba na kuvuna kuanzia Mei. Haichoti mto wala ziwa. Mkulima wa huku asijione mkosaji kwa jambo lililotokea Aral.

Sisi upande wetu tatizo la maji linakuja kwa njia ya viuatilifu. Pamba hushambuliwa na wadudu wengi, wakiwemo funza wa vitumba na vidukari, na mkulima hupulizia mara kadhaa kwa msimu. Dawa huingia majini kwa njia tunazozijua: bomba la kupulizia linaoshwa kwenye lambo, mabaki yanamwagwa pembeni ya kijito, mvua inanyesha saa chache baada ya kupulizia na kusomba dawa, au chupa iliyoisha inasuuzwa na kugeuzwa chombo cha kuwekea mafuta ya taa au hata maji ya kunywa.

Lambo hilohilo ndilo ng'ombe wanakonywa na watoto wanakochota. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuumizwa na dawa iliyotumiwa vibaya ni mkulima mwenyewe na familia yake, kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kuna wanaolima kwa njia nyingine. Wilayani Meatu, mkoani Simiyu, mradi wa pamba hai wa bioRe ulianza mwaka 1994 na umeendelea tangu hapo. Wakulima wake hawatumii viuatilifu vya viwandani. Mojawapo ya mbinu zao ni kupanda mistari ya alizeti ndani ya shamba la pamba ili kuvuta funza na kukaribisha wadudu wanaowala. Si njia rahisi, na inahitaji mafunzo na soko la uhakika, lakini inaonyesha kwamba dawa nyingi si lazima ya maumbile.

Rangi inayoharibu mto

Tuondoke shambani twende kiwandani. Kutia rangi kitambaa cha pamba kunahitaji maji mengi, dawa na chumvi kwa wingi. Chumvi husaidia rangi kushika kwenye nyuzi. Rangi ikishashika, kitambaa husuuzwa mara nyingi, na maji ya kusuuzia hubeba rangi iliyobaki, chumvi yote na kemikali nyingine. Kiwanda kisichosafisha majitaka yake humwaga mchanganyiko huo mtoni.

Mji wa Tiruppur, kusini mwa India, ni maarufu duniani kwa kutengeneza fulana. Unapitiwa na mto Noyyal. Viwanda vya kupausha na kutia rangi vilipoongezeka, mto ukawa mfereji wa majitaka. Chini ya mto kulikuwa na bwawa la Orathupalayam, lililokamilika mwaka 1992 kwa ajili ya umwagiliaji. Baada ya miaka michache bwawa lile lilikuwa limejaa majitaka ya viwandani. Wakulima ambao bwawa lilijengwa kwa ajili yao wakawa hawataki maji yake yafunguliwe, kwa sababu yakifika shambani yanaua mazao. Chumvi ikaingia kwenye udongo na kwenye visima vya karibu.

Rangi unaweza kuiona kwa macho. Chumvi huioni, na haiondoki kwa kuchuja kwa kitambaa wala kwa kuchemsha. Udongo ukishalowa chumvi, mmea hunyauka hata ukiwa umesimama majini, kwa sababu mizizi inashindwa kuyavuta maji hayo.

Wakulima walikwenda mahakamani. Kesi ilichukua miaka mingi. Januari 2011 Mahakama Kuu ya Madras iliagiza viwanda vyote vya kutia rangi vya Tiruppur, ambavyo vilikuwa zaidi ya 700, vifungwe hadi viwe na mitambo ya kuhakikisha hakuna majitaka yanayofika mtoni. Maelfu ya wafanyakazi walikaa bila kazi. Baadaye vingi vilifunguliwa kwa sharti la kusafisha maji na kuyatumia tena yaleyale.

Hasara ya Tiruppur iliwapata wote: mkulima alipoteza shamba, mfanyakazi alipoteza mshahara, mwenye kiwanda alilipa mitambo kwa haraka na kwa gharama kubwa. Mitambo ingejengwa mwanzoni, sehemu kubwa ya hasara hiyo isingekuwepo.

Nguo za plastiki

Watu wengi hudhani nguo ni pamba. Mwaka 2023 dunia ilitengeneza takribani tani milioni 124 za nyuzi za kila aina. Katika kila kilo 100, poliesta ilikuwa kilo 57. Pamba ilikuwa kama kilo 20 tu. Poliesta hutengenezwa kutokana na mafuta ya petroli, kama ilivyo chupa ya plastiki ya maji.

Poliesta haihitaji shamba wala mvua, na nguo yake hukauka haraka na hudumu. Ubaya wake ni kwamba haiozi. Kila inapofuliwa, vipande vidogo vya nyuzi hukatika na kwenda na maji. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilikadiria mwaka 2017 kwamba karibu asilimia 35 ya chembechembe za plastiki zinazoingia baharini zikiwa tayari ndogo hutokana na kufua nguo za aina hii.

Ziwa Victoria nalo halijapona. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulichunguza sangara na sato walionunuliwa sokoni Mwanza. Kwa kila aina, samaki mmoja kati ya watano alithibitishwa kuwa na plastiki tumboni, na poliesta ilikuwa miongoni mwa plastiki zilizotambuliwa. Hilo halimaanishi samaki ni sumu; tumbo hutolewa kabla ya kupika. Linamaanisha kwamba taka za mjini, nguo zikiwemo, zimeshafika ziwani.

Unawezaje kujua nguo yako ni ya nini? Soma kitambulisho cha ndani, kama bado kipo. Kama hakipo, mtu mzima anaweza kuchomoa uzi mmoja na kuuchoma, mbali na watoto. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha donge dogo gumu jeusi. Nguo zenye mchanganyiko huonyesha dalili zote mbili.

Mitumba: msaada au taka?

Jibu la kweli ni kwamba ni vyote viwili. Nguo inapovaliwa mara ya pili na ya tatu, inachukua nafasi ya nguo mpya ambayo ingehitaji maji, rangi na mafuta. Shirika la WRAP la Uingereza lilikokotoa kwamba kuongeza miezi tisa ya matumizi ya nguo hupunguza athari zake kwa maji, hewa na taka kwa asilimia 20 hadi 30. Kwa kipimo hicho, mama wa kijijini anayevaa gauni moja miaka sita, kisha akalifanya tambara la kudekia, ameitunza dunia kuliko mnunuzi wa nguo mpya kila wiki.

Upande wa pili ni robota lenyewe. Mfanyabiashara hununua robota la kilo 45 hivi likiwa limefungwa, bila kuona ndani. Nguo zilizochakaa au zenye madoa akizikuta humo, hasara ni yake na taka inabaki nchini kwake. Soko la Gikomba jijini Nairobi liko kando ya mto Nairobi, na nguo zisizouzika zimekuwa zikiishia kwenye kingo za mto huo na kwenye dampo la Dandora. Kiasi gani hasa cha mitumba ni taka ni jambo lenye ubishi: wanaharakati wa mazingira wanasema ni kingi, wafanyabiashara wa mitumba wanasema ni kidogo mno. Kwamba taka hizo zipo, macho yanatosha kuona.

Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua ili kulinda viwanda vya ndani. Marekani ikatishia kuziondolea nafuu ya kuuza bidhaa huko chini ya mpango wa AGOA. Kenya, Tanzania na Uganda zililegeza msimamo. Rwanda iliendelea na ushuru wake, na mwaka 2018 Marekani ikasimamisha nafuu hiyo kwa nguo zake. Kwa hiyo taka ya nguo ni jambo la mazingira na la biashara kati ya mataifa kwa wakati mmoja.

Kiwanda kikija kwetu, tuulize nini?

Kwa miaka mingi tumesikia wito wa kuongeza thamani ya pamba hapahapa nchini: kusokota, kufuma, kutia rangi na kushona. Ni wito mzuri, kwa sababu ajira iko huko. Lakini kusokota na kushona hakuchafui maji kama kutia rangi kunavyochafua. Kwa hiyo kiwanda kikipangwa karibu nanyi, mjue mapema ni cha hatua ipi.

Sheria ziko upande wenu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi wanaoguswa washirikishwe. Sheria hiyo pia inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka anayetiririsha majitaka kwenye chanzo cha maji awe na kibali cha bodi ya maji ya bonde husika.

Kwenye mkutano wa kijiji, maswali haya yanatosha kuanzia:

1. Kiwanda kitatia rangi au kupausha kitambaa?
2. Maji yatatoka wapi wakati wa kiangazi?
3. Majitaka yatasafishwa vipi, na chumvi yake itapelekwa wapi?
4. Nani atapima maji ya mto, mara ngapi, na majibu yatabandikwa wapi?

Maswali haya huulizwa kabla ya msingi kuchimbwa. Tiruppur waliyauliza mto ukiwa umeshaharibika.

Ya kufanya nyumbani na shambani

- Usioshe bomba la kupulizia kwenye lambo, kisima au mto. Lioshe ndani ya shamba, na maji ya kuoshea uyapulizie kwenye pamba hiyohiyo.
- Chupa ya dawa ikiisha, isuuze mara tatu, mimina maji hayo kwenye bomba, kisha itoboe isitumike tena. Muulize afisa ugani mahali pa kuipeleka. Usiwekee humo kitu cha kula wala kunywa.
- Usipulizie mawingu ya mvua yakiwa yametanda.
- Ukifua mtoni au ziwani, chota maji na ufulie mbali na ukingo, na maji machafu uyamwage ardhini.
- Usichome nguo za poliesta au nailoni uani, wala usiwashie nazo moto wa jikoni. Moshi wake una sumu, na anayeuvuta ni mpishi na mtoto aliye mgongoni.
- Nguo ikichanika, ipeleke kwa fundi kabla ya kuitupa. Iliyoshindikana igeuze tambara au kitu cha kujazia mto wa kulalia.
- Ukinunua, shika kitambaa, kagua mishono, vuta kidogo. Nguo ya bei ndogo inayokufa baada ya miezi miwili ni ghali kuliko ya bei kubwa kidogo inayokaa miaka mitatu.

Ukiona maji ya mto au lambo yamebadilika rangi, yana povu au samaki wanaelea, usisubiri. Zuia watoto na mifugo wasiyatumie, toa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa afisa mazingira wa halmashauri, na andika tarehe na saa uliyoyaona. Kumbukumbu hiyo ndogo ndiyo huwasaidia wataalamu kujua uchafu umetoka wapi.